Mtoto Hazaliwi na Chuki: Jinsi Watoto Wadogo Wanavyojifunza Ubaguzi, na Tunachoweza Kufanya Nyumbani

SOMO LA MALEZI NA AFYA YA AKILI



Tuanze na mfano. Mama mmoja anapika nje ya nyumba yake. Mtoto wake wa miaka mitano anarudi kutoka bombani pamoja na watoto wengine wa jirani. Mmoja wao ana kiu. Mama anachota maji kwenye kikombe ili ampe. Mtoto wake anamvuta kitenge na kusema kwa sauti, mbele ya wote: "Mama, usimpe kikombe chetu. Huyu siyo mwenzetu."

Mama anashtuka. Yeye hajawahi kumfundisha mwanawe neno hilo, na baba pia hajawahi. Watoto wengine wamesimama kimya wanamwangalia mama. Yule mwenye kiu anaangalia chini.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini wazazi wengi watauona kama jambo wanalolijua. Katika somo hili tutajibu maswali matatu:

- Neno lile limetoka wapi?
- Mtoto anajifunza ubaguzi akiwa na umri gani, na kwa njia gani?
- Mama yule ajibu nini, hapo hapo, kikombe kikiwa bado mkononi?

Kwa nini jarida la afya linazungumzia jambo hili?

Afya siyo kukosa ugonjwa tu. Shirika la Afya Duniani linasema afya ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenzake. Mtoto anayedharauliwa kila siku kwa sababu ya kabila, lugha au sura yake anaweza kuumwa tumbo bila ugonjwa kuonekana, kukosa usingizi, kukojoa kitandani, au kukataa kwenda shule. Mtoto anayefundishwa kudharau naye anaumia. Anakua akiwaogopa watu ambao atalazimika kuishi nao bomba moja, darasa moja na kituo kimoja cha afya.

Tena tunaandika kutoka Kigali, mji unaojua njia hii inafika wapi. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya milioni moja, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika eneo la kumbukumbu la Gisozi, hapa Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Ndani yake kuna sehemu ya watoto. Ukutani kuna picha zao, na chini ya picha imeandikwa umri wa mtoto, chakula alichokipenda, na jinsi alivyouawa.

Wengi wa walioua walikuwa watu wazima na vijana. Lakini kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto wa miaka mitano, na kuna mahali alipojifunzia maneno yake.

Je, mtoto anazaliwa na ubaguzi?

Jibu ni hapana. Lakini anazaliwa na jicho linalopanga vitu, na jambo hili ni lazima tulielewe.

Akili ya mtoto mchanga inataka kujua kitu gani ni cha kawaida na kitu gani ni kigeni. Inamsaidia kumtambua mama yake, sauti ya nyumbani, na harufu ya nguo za kwao. Mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi walivyowaonyesha watoto wa miezi mitatu picha za nyuso za watu weusi na za watu weupe, kisha wakapima ni picha zipi mtoto anaziangalia kwa muda mrefu zaidi. Watoto wa Ethiopia, waliolelewa kati ya watu weusi, waliangalia zaidi nyuso nyeusi. Watoto weupe wa Israeli, waliolelewa kati ya weupe, waliangalia zaidi nyuso nyeupe. Lakini kulikuwa na kundi la tatu: watoto wa Waethiopia waliohamia Israeli, ambao familia zao ziliishi katika makazi ya wahamiaji na walizoea kuona watu wa rangi zote mbili. Hao hawakupendelea upande wowote.

Ndugu mzazi, angalia vizuri hilo kundi la tatu. Miezi mitatu tu ya kuona watu wa aina mbalimbali ilitosha kubadilisha jicho la mtoto.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Utafiti wa mwaka 2007 huko Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba mtoto wa miezi kumi hupenda kupokea mwanasesere kutoka kwa mtu anayesema lugha ya nyumbani kwao. Watoto wa miaka mitano walipoulizwa wangependa nani awe rafiki yao, wengi walimchagua anayesema kwa lafudhi yao.

Hiyo bado siyo chuki. Ni mazoea tu. Mtoto anayelia akibebwa na mgeni hamchukii mgeni huyo. Mazoea yanageuka kuwa dharau pale watu wazima wanapomwambia mtoto, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba tofauti anayoiona ina maana mbaya.

Maneno ya kujua

Kutofautisha: kuona kwamba watu hawafanani. Siyo kosa.
Kupendelea: kuvutwa na wale uliowazoea. Ni jambo la kawaida, lakini linahitaji uangalizi.
Kudharau: kuamini kwamba wale wengine ni wabaya, wachafu au wajinga kwa sababu ni "wao".
Kubagua: kumnyima mtu kitu, mahali au heshima kwa sababu hiyo.

Mtoto wa mfano wetu amefika hatua ya nne. Lakini bado yuko karibu sana na hatua ya kwanza, na kumrudisha ni rahisi kuliko kumrudisha mtu mzima.

Hatua kwa umri

Kama tunavyofuata uzito wa mtoto kwenye kadi ya kliniki, tunaweza pia kufuata jambo hili kwa umri. Watoto hawalingani, lakini kwa jumla hali huwa hivi.

Kuzaliwa hadi mwaka 1. Mtoto anazoea sura na sauti za karibu. Akibebwa na jirani wa aina mbalimbali, mazoea yake yanapanuka.

Miaka 2 hadi 4. Anaona tofauti na kuzitaja bila aibu: "Mbona huyu ni mweusi sana?" "Mbona huyu anaongea hivi?" Anaokota maneno ya watu wazima na kuyasema kabla hajayaelewa.

Miaka 5 hadi 7. Huu ndio umri wa kuangaliwa sana. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilipokusanywa pamoja mwaka 2011 zilionyesha kwamba ubaguzi wa watoto huongezeka mpaka umri huu. Sababu moja ni kwamba akili ya mtoto bado inapanga watu katika masanduku mawili tu: wazuri na wabaya, wetu na wao. Anaona vigumu kuelewa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wa kabila lingine na papo hapo awe rafiki, jirani na mtu mwema.

Miaka 8 hadi 11. Sasa anaweza kuelewa kwamba mtu ana mambo mengi ndani yake. Anajua haki na uonevu. Akisaidiwa, ubaguzi unaweza kupungua. Akichochewa, unapata mizizi.

Miaka 12 na kuendelea. Kijana anatafuta kujua yeye ni nani, na anasikiliza wenzake kuliko wazazi. Wanaotaka kuwatumia vijana kwa vita na siasa wanaujua umri huu vizuri.

Waswahili wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Umri wa kukunja ni ule kabla ya miaka minane.

"Lakini sisi tunafanana sura!"

Wazazi wengine husema: mambo ya rangi ni ya Ulaya na Marekani. Sisi wa Maziwa Makuu tunafanana, mtoto mdogo ataonaje tofauti?

Mtoto haoni kabila kwa macho. Anaambiwa. Huko Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki na Waprotestanti wanafanana sura na wanasema lugha moja, lakini walipigana kwa miaka mingi. Mwaka 2002 ilitolewa taarifa ya utafiti juu ya watoto wao wa miaka 3 hadi 6. Tayari watoto wa miaka mitatu walionyesha kupendelea alama za upande wao, kama bendera. Walipofika miaka sita, kiasi cha watoto 15 kati ya 100 walikuwa wanasema maneno ya kuudharau upande wa pili.

Rwanda inatupa somo lililo wazi zaidi. Wahutu, Watutsi na Watwa walisema lugha moja, Kinyarwanda, na kuishi milima ile ile. Hata zile koo za zamani, kama Abasinga, Abazigaba na Abagesera, zilikuwa na Wahutu na Watutsi ndani yake. Mtoto alihesabiwa kabila la baba yake, hata kama mama alikuwa wa upande mwingine. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliliandika kabila kwenye vitambulisho. Tangu hapo likawa neno la karatasi ambalo mtu hawezi kulikimbia. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hiyo iliamua nani aishi na nani afe.

Watoto waliingizwaje katika jambo hilo? Njia moja ilikuwa darasani. Watu wengi walionusurika wamesimulia jinsi mwalimu wa shule ya msingi alivyokuwa akiwaamuru wanafunzi: Wahutu wasimame, kisha Watutsi wasimame, awahesabu na kuandika. Baadhi ya watoto hawakujua wasimame na kundi gani. Walichekwa. Wakaambiwa waende nyumbani kumwuliza baba. Mtoto aliondoka asubuhi akiwa mwanafunzi tu, akarudi jioni akiwa na jina ambalo wenzake walilicheka.

Utafiti wa fulana

Kuna utafiti uliofanywa Marekani unaotusaidia kuelewa kwa nini kusimamishwa vile kulikuwa na nguvu. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1997. Watoto wa shule, wenye umri wa miaka sita hadi tisa hivi, walipewa fulana za rangi mbili. Rangi hizo hazikuwa na maana yoyote.

Katika madarasa mengine, mwalimu hakuzitaja rangi hata mara moja. Aliwaita watoto kwa majina yao. Katika madarasa mengine, mwalimu alitumia rangi kila siku: kundi hili kaeni hapa, kundi lile pangeni mstari kule. Hakusema kwamba kundi moja ni bora. Alilitaja tu.

Baada ya wiki chache, watoto wa madarasa yaliyotajwa rangi walianza kuamini kwamba wenye fulana kama zao ni wazuri kuliko wale wengine. Katika madarasa ambayo rangi haikutajwa, jambo hilo halikutokea kwa kiasi hicho, ingawa kila mtoto aliziona fulana.

Ikiwa wiki chache za kutaja rangi ya fulana zinatosha kuleta upendeleo, tufikirie miaka mingi ya kutaja kabila, pamoja na vicheko, nafasi za shule zilizogawanywa kwa kabila, na redio ya RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuwaita Watutsi mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari kwa sehemu yao katika uchochezi huo. Kitambulisho cha Rwanda cha leo hakina kabila.

Njia tano ambazo mtoto anajifunzia nyumbani

Ndugu mzazi, tusiangalie redio na shule peke yake. Tuangalie na nyumba zetu.

1. Majina tunayowaita watu. Tukisema "yule mama wa kabila fulani" badala ya "mama Fulani wa mtaa wa pili", mtoto anajifunza kwamba kabila ndilo jambo la kwanza la kumjua mtu. Utani wa kikabila nao ni mafunzo. Mtoto hajui kwamba mmetania.

2. Uso na mwili wetu. Mwaka 2008 huko Italia, watoto wadogo walionyeshwa filamu fupi ya mtu mweupe akiongea na mtu mweusi. Alipoongea maneno mazuri lakini akikaa mbali na kukwepa kumtazama, watoto walifuata mwili wake, siyo maneno yake. Mtoto anaona ukikaza mkono wake jirani fulani anapopita.

3. Nani anaingia nyumbani. Mtoto anahesabu bila wewe kujua: nani anakaribishwa kula, nani anaishia mlangoni, nani analia nasi kwenye msiba.

4. Kimya chetu. Wazazi wengi wanafikiri wasipozungumza, mtoto hatajua. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliwauliza akina mama na watoto wao wa miaka 4 na 5. Akina mama wengi hawakuwa wamezungumza na watoto juu ya rangi, na watoto hawakujua mama zao wanafikiri nini. Walikisia, na walikosea. Kimya hakibaki kitupu. Wengine watakijaza: watoto wakubwa, wapiga soga, simu za mkononi.

5. Hofu yetu. Wengi wetu tuliona mambo mabaya kabla ya kufika hapa. Mtoto anasikia usiku tunapoota, na anasikia tunachosema tukiwa na hasira. Anachukua hofu bila kuchukua habari kamili.

Huenda mtoto wa mfano wetu alipata neno lile kwa njia ya kwanza, nyumba ya pili, au kwa njia ya tano, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama asijilaumu. Ajue tu kwamba neno lina mlango liliopitia, na mlango unaweza kuangaliwa.

Mama ajibu nini?

Kwanza, asifanye haya matatu. Asicheke. Asimpige wala kumwaibisha mbele ya wenzake, maana mtoto atajifunza kuficha neno, siyo kuliacha. Na asijifanye hakusikia, maana watoto wote walisikia, na kimya cha mama watakielewa kama ndiyo.

Kisha afanye hivi:

1. Ampe mtoto mwenye kiu maji, kwa kikombe kile kile, na amwite kwa jina lake. Kitendo kitangulie maneno.

2. Aseme kwa sauti ya utulivu: "Nyumbani kwetu mwenye kiu anapewa maji. Huyu ni mwenzetu."

3. Baadaye, wakiwa wawili, aulize bila hasira: "Neno lile ulilisikia wapi? Ulifikiri maana yake ni nini?" Mara nyingi mtoto atajibu jambo dogo kabisa: "Anaongea vibaya," au "Fulani alisema wao walituchomea nyumba."

4. Asahihishe kwa ukweli, kulingana na umri. Mtoto wa miaka minne atosheke na hili: "Anaongea lugha ya kwao kama wewe unavyoongea yetu." Wa miaka sita: "Waliochoma nyumba ni watu fulani waliofanya ubaya. Huyu mtoto hakuchoma nyumba. Kabila halichomi nyumba." Wa miaka kumi anaweza kuelezwa zaidi, na aulizwe yeye mwenyewe: "Wewe ungejisikiaje ukinyimwa maji kwa sababu ya kosa la mtu usiyemjua?"

5. Awape jambo la kufanya pamoja: kuteka maji, kutengeneza mpira wa matambara, kuchunga wadogo. Kukaa karibu tu hakutoshi. Watoto wanazoeana vizuri zaidi wanapokuwa na kazi moja, hakuna aliye bosi wa mwenzake, na mtu mzima anaonyesha kwamba amefurahi.

Ikiwa mtoto wako ndiye aliyetukanwa

Msikilize mpaka amalize. Usimwambie "puuza tu". Mwambie: "Neno lile ni baya na siyo la kweli. Kosa siyo lako." Mfundishe maneno mafupi ya kujibu: "Usiniite hivyo. Jina langu ni..." Kisha zungumza na mzazi wa yule mtoto, wewe kwa yeye, kwa heshima, bila kundi la watu nyuma yako. Ikitokea shuleni, mwone mwalimu. Na usimfariji mwanao kwa kulitukana kabila la mwenzake. Ukifanya hivyo umemfundisha lile lile lililomuumiza.

Ikiwa mzazi mwenyewe ana jeraha

Hatukuambii usahau. Waliouawa ni ndugu zetu, na wanastahili kukumbukwa. Mtoto ana haki ya kujua familia yake imepita wapi. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa mtoto historia na kumrithisha adui. Historia ina majina, mahali na miaka, na ina pia wale waliosaidia: jirani aliyeficha watu, dereva aliyekubali kubeba. Ukisimulia, usiwaache nje hao.

Kama ukianza kusimulia unatetemeka, unakosa usingizi, au unampiga mtoto bila kujua sababu, njoo kituo cha afya umwone mhudumu wa afya ya akili. Siyo wazimu, na siyo aibu. Ukitibiwa wewe, umemsaidia na mtoto.

Je, watu wanaweza kubadilika?

Mwaka 2004 mchezo wa redio uitwao Musekeweya ulianza kusikika Rwanda. Unasimulia habari za vijiji viwili vinavyogombana, na vijana wanaokataa kufuata uchochezi. Mtafiti mmoja alifuata vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima, akavilinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine, wa mambo ya afya. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona jamii yao inakubali nini na inakataa nini, na pia matendo yao. Walikuwa tayari zaidi kusema wazi wasipokubaliana, na kushirikiana.

Hili linatuhusu. Huenda huwezi kubadilisha moyo wa kila jirani. Lakini unaweza kufanya ijulikane kwamba hapa mtaani kwetu, mtoto hanyimwi maji. Mtoto anajifunza zaidi kutokana na kile anachoona kinakubaliwa.

Na watoto wakilelewa hivyo wanaweza kuwa na ushujaa mkubwa. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wanafunzi wakiwa wanajisomea. Waliwaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Ni amri ile ile ya darasani ya zamani. Wanafunzi walikataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Wavamizi walifyatua risasi na kurusha mabomu. Wanafunzi sita waliuawa usiku ule na wengine wengi walijeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Walikuwa vijana waliozaliwa kabla ya 1994. Walikuwa wameyasikia maneno yote yale. Hata hivyo, walipoambiwa wasimame kwa makundi, hakuna aliyesogea.

Mambo ya kukumbuka

- Kuona tofauti siyo kosa. Dharau ndiyo inayofundishwa.
- Umri wa miaka 5 hadi 7 ni wa kuangaliwa sana.
- Mwite mtu kwa jina lake, siyo kwa kabila lake.
- Kimya hakimlindi mtoto.
- Sahihisha kwa upole, siku hiyo hiyo, kwa maneno mafupi.
- Simulia historia, usirithishe adui.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Wewe ulijua kabila lako ukiwa na umri gani? Nani alikuambia, na ulijisikiaje?
2. Ni maneno gani ya utani hapa mtaani ambayo hatupendi watoto wayarudie?
3. Ni mahali gani kambini ambapo watoto wa makundi mbalimbali wanafanya kazi pamoja? Tunaweza kuongeza mahali pengine wapi?
4. Ungekuwa wewe mama yule wa kikombe, ungesema nini?

Mzazi asiyejua kusoma asomewe somo hili na jirani yake. Na msomapo, waacheni watoto wasikilize, hasa pale mama anapompa yule mwenzao maji.